MASWALI YENU: Juu ya nini wanalipukisha bomu pembeni ya meli yao wenyewe?

Wasomaji wetu, jambo yenu.

Namba iliyopita tuliweka picha ya ile manowari ya Marekani iko katikati ya bahari na pembeni yake mayi inapanda juu kama mlima mweupe, na chini ya picha hatukuandika maneno mingi, basi barua zikaanza kuingia, zingine za kuuliza, zingine za hasira, eti tunawasifu watu wenye wanachezea mabomu. Hawachezi hata kidogo. Mimi nilifanya kazi ya umeme mu karyeri ya shaba miaka 19 mbele ya kuja kuandika hapa, hii mambo ya shoki (pigo ya ghafla ya mlipuko) naijua na mikono yangu, njo maana niliomba barua zote zije kwangu. Nimezikata kidogo, majina sikuandika.

Yaya, mimi ni kijana wa Kampemba, nasoma politekniki. Nilionaka video ya ile meli, wanasema ni meli mpya kabisa na ya bei ya ajabu, sasa mutu anajenga kitu ya bei vile kisha yeye mwenyewe anaitegea bomu? Na siku hizi kuko ordinateri, si wangefanya kalkuli ku ordinateri wakamaliza?

Mdogo wangu, swali yako njo mama ya maswali yote, kwa hiyo nitakawia hapa.

Watu wengi wanazani bomu inaua meli kwa kuitoboa. Bomu inapiga, tundu inafunguka, mayi inaingia, meli inazama. Inafikaka vile, ndiyo, lakini bomu yenye kulipuka mu mayi haina lazima iguse meli. Fanya hivi ku nyumba: kamata pompi ya kinga, ziba tundu yake na kidole, sukuma. Pumzi inakubali, inajibana, unasikia kama resori. Sasa jaza ile pompi mayi, ziba tena, sukuma. Haisogei. Mayi haikubali kubanwa, kwa hiyo bomu ikilipuka ndani ya mayi ile nguvu haina mahali ya kupumzikia, inakimbia karibu mita 1,500 kila sekunde (mu hewa sauti inakimbia kama 340 tu) na inafika ku tumbo ya meli sawa nyundo moja kubwa yenye inapiga kila mahali mara moja.

Ile ni pigo ya kwanza. Kisha kuko gesi ya bomu, inatengeneza kama povu moja kubwa sana chini ya mayi, ile povu inatanuka mpaka inapita kipimo, mayi inaisukuma inajikunja, halafu inatanuka tena, na kila mara inainua meli na kuiachilia. Meli ni ndefu, ni chuma, lakini chuma ndefu inapinda, na kama ile povu inapumua kwa mwendo moja na kupinda kwa meli, basi meli inatikisika kama fimbo yenye mutu anaitingisha kutoka katikati, na uti wa mgongo wake unaweza kuvunjika. Australia walionyesha hii mu 1999, walikamata meli yao ya zamani Torrens, bila mutu ndani, submarini yao ikatuma torpido moja tu ikalipuka chini ya tumbo yake, na meli ikapasuka vipande viwili. Torpido haikuhitaji kuitoboa, iliiinua tu na kuiachilia. Korea ya Kusini, tarehe 26 Machi 2010, meli Cheonan ilipasuka vilevile na vijana 46 wakakufa. Wachunguzi wa nchi mbalimbali wakasema ni torpido yenye ililipuka chini bila kuigusa. Korea ya Kaskazini inakatala mpaka leo, inasema si wao.

Lakini mdogo wangu, kupasuka vipande viwili si kitu yenye inaogopesha enjenyeri kila siku. Kitu yenye inawaogopesha ni meli yenye inabaki nzima ku inje na ndani imekufa. Mu Novemba 1939, vita ikiwa bado mpya, meli ya Waingereza Belfast ilipita juu ya bomu ya sumaku (yenye inasikia chuma ya meli ikipita) yenye Wajerumani walitega mu mayi ya Scotland, mu Firth of Forth. Ile bomu ilikuwa inalala chini ya bahari, haikugusa meli. Ukitazama Belfast ku inje ungesema haina mambo mingi, tundu ilikuwa ndogo. Ndani: uti wa mgongo umevunjika, mashini zimetoka mahali yake, vitu vya chuma ya kumwaga vimepasuka kama sahani. Kuitengeneza ilikamata karibu miaka 3, ilirudi ku vita mwishoni mwa 1942. Leo iko London, ni museyo, watu wanapanda kuitazama.

Benye munaishi karibu na karyeri munaelewa bila mimi kueleza. Siku ya tiri, ya kulipukisha mwamba, sireni inalia, kisha chini inaruka kidogo, nyumba inabaki imesimama, lakini bilauri mu kabati zimegongana na ampuli moja imezima. Kule kazini kwetu kulikuwa pompi ya kutoa mayi chini ya karyeri na disjonkteri yake, ile ya kukata umeme, ilikuwa inaanguka yenyewe karibu kila tiri, tulibadilisha disjonkteri, ikaanguka, tukabadilisha kable, ikaanguka, wakubwa wakasema ni kazi yetu njo mbaya. Siku moja fundi mmoja mzee akasema muangalie kabati, imefungwa na bulo moja kwa moja ku ukuta na ukuta inashika mwamba. Tukaweka mpira chini ya kabati. Ikatulia. Hakuna kitu chochote kilikuwa kibaya ku ile disjonkteri, ilikuwa inatingishwa tu mpaka mdomo yake inafunguka. Sasa weka ile disjonkteri mu meli, siku ya vita, na ni yenye inalisha pompi ya kuzima moto.

Njo maana walianza kupima. Wanaanza na kitu kidogo: kuko mashini ya nyundo, kichwa yake ni kama kilo 180, wanafunga kitu ku sahani ya chuma, wanaachilia nyundo kutoka juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka mita moja na nusu hivi, kwa mbele, kwa pembeni, kwa juu. Vitu vizito zaidi vina nyundo yao ya karibu kilo 1,360. Na motere zenye hazienei ku nyundo wanazipandisha ku kiboti chenye kinaelea mu bwawa, wanalipukisha kama kilo 27 za baruti chini ya mayi, na kila mara wanasogeza karibu, mpaka inabaki mita kama 6. Kitu lazima kiendelee kufanya kazi. Kikisimama, fundi anarudi ku meza.

Sasa ordinateri. Kalkuli wanafanya, na nyingi sana. Lakini kalkuli inajua meli yenye ilichorwa, haijui meli yenye ilijengwa. Haijui bulo yenye mutu alisahau kuikaza, haijui tiyo yenye sudere aliisogeza vidole viwili juu ilikuwa inamsumbua kupita, haijui kabati yenye mafundi walisukuma karibu ya ukuta ili wapate nafasi ya kiti. Ile kabati ukuta ikipinda itagongwa. Kitu kimoja kimoja kimepita ku nyundo, ndiyo, lakini vyote pamoja mu meli moja vinagongana, na hiyo unaiona paka siku unaitingisha meli yote.

Kwa hiyo ile video yako: ni Gerald R. Ford, ya kubeba ndege, urefu zaidi ya mita 330, uzito kama tani 100,000. Mu 2021 waliipeleka mu Atlantiki, mbali ya Florida, wakalipukisha mara tatu, tarehe 18 Juni, 16 Julai na 8 Agosti, kila bomu kama tani 18 za baruti, na kila mara karibu zaidi kuliko ya mbele. Ya kwanza mashini za kupima tetemeko ya ardhi ku Marekani ziliiandika kama tetemeko ya 3.9. Mbele ya hapo meli ya ndege ya mwisho kupimwa vile ilikuwa Theodore Roosevelt mu 1987. Hesabu: miaka 34!

Na hapa nitasema vile naona mimi. Jeshi la mayi lilitaka Ford ipite bila kupimwa, ile tesiti ingojee meli ya pili ya aina moja, juu kupima kunakula wakati na meli ilikuwa imechelewa sana. Mu 2018 ministeri yao ya ulinzi ikakataa, ikasema ni hii hii ya kwanza. Ilikuwa na haki. Vijana wa meli ya kwanza wana mama sawa vijana wa meli ya pili.

Papa mwandishi, mimi ni mama wa Katuba. Mtoto wangu iko anafanya kazi ku bato ya mizigo kule Matadi. Ninauliza paka kitu kimoja: siku ile ya kulipukisha, watu wako ndani? Na mtoto wangu naye wanaweza kumufanya vile?

Mama, nianze na ya mwisho ulale vizuri: hapana. Bato ya mizigo haipimwe na mabomu hata siku moja, hii ni ya manowari tu.

Ya kwanza: ndiyo, wako ndani. Zaidi ya watu 2,000 walikuwa mu Ford. Bomu haiwekwe ku meli, inawekwa mbali kidogo, na umbali inahesabiwa ili meli itingishwe kwa nguvu lakini isiumizwe ya kufa, ni kiasi fulani tu ya shoki yenye ilijengwa kuvumilia. Kila mutu anajua saa, wanahesabu ku mikro, anavaa kofia ngumu, anashika kitu, anakunja magoti kidogo. Magoti ni kitu kubwa, mama. Mu vita ya pili ya dunia madaktari wa meli waliona mabaharia wengi wenye hawakuguswa na kipande hata kimoja lakini visigino na miguu zimevunjika, juu sakafu ya chuma ilipanda juu ghafla na wao walikuwa wamesimama wima. Mutu mwenye magoti yamekunjwa ni kama motoka yenye amortiseri.

Tena kuweka watu ndani si ukatili vile inaonekana. Siku ya kweli hakuna mutu atahesabu ku mikro. Tarehe 14 Aprili 1988, mu Ghuba ya Uajemi, meli Samuel B. Roberts iligonga bomu ya kutegwa, kama kilo 115 za baruti tu, ikafungua tundu ya mita kadhaa, uti wa mgongo ukavunjika, chumba cha mashini kikajaa mayi, moto ukawaka, na nyumba ya juu ya meli ikaanza kuachana kwa ufa. Kila mutu angesema hii imekwisha. Ile ekipe ilikamata kable za chuma wakafunga ule ufa, wakaukaza kama mutu anafunga mzigo ku kinga, masaa mingi wanazima moto na kuziba, na hakuna hata mmoja alikufa. Kumi waliumia. Meli ilibebwa mpaka nyumbani juu ya meli nyingine, na ikatengenezwa ikarudi ku bahari. Ile ekipe ilikuwa imefanya mazoezi ya moto na mayi mpaka wanachoka nayo. Mimi habari hii nikiisoma naona wale watoto na kable yao mu giza, naheshimu sana.

Mukubwa, mimi ni shoferi wa taksi ku Ruashi. Umesema mabomu ya mayi, lakini siku hizi vita ni ya makombora. Wanapimaka meli na kombora ya kweli? Na watu ndani?

Hapana ndugu, hapo watu hawawekwe. Kombora haina "mbali kidogo", kombora inaingia.

Nikupe ya Sheffield kwanza. Mei 1982, vita ya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, ndege ya Argentina ikatuma kombora moja, Exocet, ya Ufaransa, ikaingia ku ubavu wa Sheffield. Watu 20 wakafa. Meli haikuzama siku ile, ilizama tarehe 10 wakati walikuwa wanaivuta. Kwa miaka mingi walibishana kama kichwa ya kombora ililipuka ao haikulipuka, lakini upande moja hakuna ubishi: moto. Mafuta ya kombora yenyewe iliwaka, kable ziliwaka na moshi mweusi wa sumu ukajaza meli yote mpaka juu, na tiyo kubwa ya mayi ya kuzima moto ilivunjika kwa pigo, basi mafundi wanafungua robine, hakuna kitu. Unaona tunarudi palepale? Tiyo. Pompi. Vitu vya ndani. Na nguo: mabaharia wengi wa ile vita walikuwa na nguo za plastiki, za poliesta, zinayeyuka ku ngozi. Kisha wakabadilisha, pamba na vitambaa vyenye havishike moto. Mtu angeweza kupima ile suruali na kiberiti mu dakika moja mbele ya vita.

Miaka 5 kisha, tarehe 17 Mei 1987, meli ya Marekani Stark ilipigwa na Exocet mbili kutoka ndege ya Iraki. Moja haikulipuka, na bado mafuta yake ikachoma meli. 37 walikufa. Ekipe ikaokoa meli.

Sasa kupima. Kuko njia mbili. Moja ni kuona kama meli inaweza kuzuia kombora mbele ya kufika. Wamarekani walikamata manowari yao ya zamani, Paul F. Foster, wakaiweka silaha na rada za kisasa, halafu wanaiongoza kutoka mbali na radio, hakuna mutu ndani hata mmoja, na nyuma yake inavuta kiboti chenye kinajifanya yeye njo meli. Makombora ya mazoezi yanatumwa ku kile kiboti, na Foster inajitetea yenyewe. Ikishindwa, kinakufa kiboti. Nazani mutu mwenye alifikiri hii alikuwa amewahi kupoteza rafiki.

Njia ya pili ni kuzamisha meli ya zamani kabisa. Wanatoa mafuta, wanatoa vitu vya sumu, wanaivuta mbali, kwa Wamarekani lazima iwe zaidi ya kilometa 90 kutoka pwani na mayi chini zaidi ya mita 1,800, kisha ndege, submarini na meli za nchi rafiki zinapiga kila mmoja kwa zamu. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa America, ya kubeba ndege. Mu 2005 waliipiga karibu wiki 4 mfululizo, ku inje na ndani, siyo kwa kuizamisha haraka, hapana, kwa kuandika kila pigo inafanya nini, vyumba gani vinajaa, ufa inakimbilia wapi. Ilizama tarehe 14 Mei 2005. Yale waliandika yaliingia mu plani ya Ford. Wazee benye walifanyaka kazi mu America wengine walilia, walisema ungeiacha ikuwe museyo kama Belfast. Nawaelewa. Lakini meli yenye inafundisha nyingine kutokufa, mimi naona haikutupwa.

Na kombora ya leo yenye inakimbia sana, ao droni za mayi zenye zinalenga ku tumbo? Tarehe 14 Aprili 2022 meli ya Urusi Moskva ilizama mu Bahari Nyeusi. Ukraine ilisema ni makombora yake mawili, Urusi ilisema ni moto ku baruti za ndani. Iwe ya huyu ao ya yule, watazame: moto tena, na baruti ya meli yenyewe.

Na samaki? (Mwanafunzi wa sekondari, Kamalondo)

Swali fupi na nzuri. Samaki mwingi ana kimfuko cha hewa ndani ya tumbo, na umeona pompi ya kinga: mayi haijibane, hewa njo inajibana, kwa hiyo kile kimfuko kinapasuka. Wale wenye kuvua na baruti wanatumia hiyo hiyo, na ni ubaya, wanaua mpaka vitoto. Nyangumi na pomboo wana mapafu na masikio, nao wanaumia. Kwa Ford walichagua wakati na mahali penye wanyama ni wachache, watu wanaangalia na darubini na ndege inazunguka juu, nyangumi akionekana karibu wanangojea. Inapunguza. Haimalizi, na mutu akikuambia inamaliza usimuamini.

Mwana wangu, mimi ni mzee wa Likasi, nilikuwa mfanyakazi mu mungoti. Zamani padri mmoja alituambiaka Wamarekani walikusanya mabato mingi mu kisiwa wakayapiga na bomu atomiki, na ile bomu ni ya uraniumu yetu. Ni kweli?

Papa, ni kweli, ila tutengeneze kidogo.

Ilikuwa Bikini, visiwa vidogo vya Pasifiki, Julai 1946. Walikusanya mabato zaidi ya 90: za Marekani zenye zilizeeka, Nagato ya Japani, Prinz Eugen ya Ujerumani. Bomu ya kwanza, tarehe 1 Julai, ililipuka mu hewa. Ya pili, tarehe 25, ilining'inizwa chini ya mayi kama mita 27, na ile njo ilionyesha dunia mambo. Mbele walipotaka kupiga waliwatoa watu wa Bikini, 167, waliwaambia ni kwa muda. Mpaka leo ile kisiwa haijawa nyumba tena.

Uraniumu ya Shinkolobwe, pale karibu na nyumbani kwako, njo ilikuwa sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi wa Wamarekani wakati wa vita. Mabomu ya Bikini yenyewe yalikuwa ya plutoniumu, lakini plutoniumu haichimbwe, inapikwa kutoka uraniumu. Kwa hiyo padri hakudanganya. Jina ya Shinkolobwe wengi mu dunia hawaijui, na wafanyakazi benye waliitoa na mikono, bila ganti, bila mutu kuwaambia ni nini, nani aliandika majina yao?

Sasa kwa meli: mabato mingi hayakuzama. Bomu ya pili ilizamisha Saratoga ya Marekani na Nagato, lakini mingi yalibaki yanaelea, chuma nzima. Enjenyeri wa kwanza wakafurahi. Ndani walikuwa wameweka nguruwe, mbuzi na panya mahali pa mabaharia, na wengi wakakufa kwa ile sumu ya bomu yenye haionekane, mionzi. Walijaribu kusafisha, wakapiga mayi na brosi na sabuni, vijana walipanda kufagia na nguo za kawaida. Haikutoka. Walishindwa, wakaanza kuyazamisha wenyewe. Meli ilishinda ile tesiti na bado haikuwa na mahali ya mutu kuishi.

Kisha Wamarekani wakataka kujua upepo tu wa bomu kubwa, bila sumu, wakarundika tani 500 za baruti ya TNT ku ukingo wa kisiwa cha Kahoʻolawe, Hawaii, mu 1965, mara tatu, na mabato yakiwa pembeni. Shimo iko mpaka leo, imejaa mayi ya chumvi. Wahawaii walipigana miaka mingi kurudishiwa ile kisiwa.

Ya mwisho. Sisi watu wa Lubumbashi hatuna bahari, hii mambo ya manowari inatuhusu nini? (Msomaji wa komini ya Kenia, anasema tuandike juu ya michezo)

Michezo iko ukurasa wa nyuma, ndugu. Na manowari zilipita hapa hapa, mu mji huu, juu ya reli.

1915. Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa Tanganyika na meli zao. Waingereza wakatuma mashua mbili za motere, kila moja kama mita 12, majina yao "Mimi" na "Toutou", zikashuka Cape Town, zikapanda gari la moshi, zikapita Elisabethville, ni kusema hapa, mpaka Fungurume penye reli ilikuwa mwisho. Kutoka pale zikavutwa na mashini za mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba, wanakata miti, wanajenga madaraja zaidi ya 100, na watu wa huku njo walikuwa wanabeba na kukata. Kisha reli kidogo, kisha mto Lualaba kutoka Bukama, kisha Kabalo, kisha ziwa, pale Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakakamata meli ya Wajerumani Kingani, na 9 Februari 1916 wakazamisha ingine yao, Hedwig von Wissmann.

Ile mashua ilikuwa nyepesi sana, mzinga wake ulipigwa kwa mbele tu, ukiupiga kwa pembeni shoki ya mzinga yenyewe inaweza kuivunja. Ni swali ile ile ya kijana wa Kampemba, tena ni silaha yako mwenyewe.

Na meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen? Hakuna mutu aliizamisha kwa vita. Julai 1916 wao wenyewe waliizamisha wakikimbia, lakini mbele ya kuondoka mafundi wake walipaka grisi mashini zote, nzito, kila mahali. Ililala chini ya mayi. Waingereza waliitoa mu 1924, wakafungua mashini, na mashini zilikuwa nzuri. Mu 1927 ilianza kubeba watu, jina mpya Liemba, na wazee wengi wa Kalemie, Moba na Kigoma waliipanda.